Katambuga Iliyonyooka

Gulio lililopita hapa Katumba Songwe nilimwona kijana akilipia katambuga za tairi zilizopakwa rangi ya viatu, zimenyooka kama ubao, na wenzake wakizisifia: "Safi, kama za dukani!" Nilinyamaza, maana si adabu kumharibia fundi biashara mbele yake. Lakini moyo uliniuma, kwa sababu kule kunyooka ndio ubovu wenyewe.

Wanunuzi huangalia kashata, yale meno ya tairi, huvuta mikanda, basi. Hawaziweki chini wakazibonyeza. Mzee aliyenifundisha kazi, tuliyemwita Tata, aliilaza kila katambuga juu ya ubao, akaigusa katikati kwa kidole gumba, akaitazama inavyobembea: mbele imeinuka unene wa kidole, kisigino nusu ya hapo. Soli ya tairi ni nene, haikunjiki vidoleni kama raba. Mguu usipoweza kuikunja, lazima soli ibingirike yenyewe, na mbingiriko huo umo tayari ndani ya tairi, kwa kuwa ni duara. Ndiyo maana hukatwa kufuata mzunguko wa gurudumu, upande wa ndani ukipokea unyayo. Anayekata kwa kukingamisha ili abane mpira humfanya mvaaji atembee kama yuko juu ya ukingo wa jaruba. Na liwe tairi la lori, lenye duara pana. La gari dogo hupinda mno; vidole na kisigino vinagusa, katikati ya unyayo inaning'inia, na jioni miguu inawaka moto.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyepasha soli motoni na kuzilaza chini ya jiwe usiku kucha. Asubuhi zilikuwa bapa, zinavutia macho. Lakini mpira wa tairi umepikwa kiwandani ukiwa duara, hausahau. Baada ya wiki mbili za jua la njia ya Kasumulu, soli zilirudia mpindo wake na kung'oa misumari. Nilimwona mama mmoja akimrudia, mchele kichwani, katambuga mkononi, peku.

Tairi la waya silitaki. Ncha zikishakatwa hupata kutu na kuchoma, hata uzifunike kwa kipande cha tyubu. Zamani matairi ya nyuzi hayakuwa shida. Tuliyazoea yale ya General Tyre ya Arusha, kisu kinapita bila kukwaruza. Tangu kiwanda kile kisimame mwaka 2009, najikuta nazunguka gereji hadi gereji nikitafuta tairi moja la maana.

Kashata iwe imelika nusu. Mpya hubeba udongo wetu wa Kyela mpaka mguu unakuwa mzito kama jembe, na kipara huteleza.

Mkanda wa kisigino upite kwenye tundu lililotobolewa katika soli, chini ya kifundo, usigongelewe msumari ubavuni. Masika tope letu hufyonza, na mkanda wa msumari hubaki humo. Tata alitoboa matundu yake kabla hajakata mikanda, akiwa amesimamisha mguu wa mteja juu ya soli, wa kulia kisha wa kushoto. Mteja aliyetuma kipimo cha kamba alirudishiwa kamba yake, akaambiwa aje mwenyewe na miguu yake.