Jembe na Neno: Kukisoma Tena Kijitabu cha "Elimu ya Kujitegemea"

Katika maandiko ya Mwalimu Julius Nyerere, kijitabu chake cha Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, ni kimojawapo cha vile vinavyotajwa sana na kusomwa kidogo. Katika vyuo vyetu jina lake hutumika kuhalalisha karibu kila kazi ya mikono anayopewa mwanafunzi. Makala hii yakusudia kukipima kwa swali moja: kiongozi anayewataka wengine wajifunze kwa kuwatumikia watu, aseme nao namna gani hata neno lake liwe la kweli?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa, tena kwa sauti kubwa, kabla ya kijitabu kuandikwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, kupinga utumishi wa lazima wa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambao kwa sehemu kubwa ya muda huo ungewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Risala yao haikulalamikia fedha peke yake. Iliwashutumu viongozi waliohubiri kujinyima huku wao wenyewe wakipokea mishahara minono. Mwalimu alikasirika. Akawafukuza zaidi ya wanafunzi mia tatu (wengi wao walirudishwa baadaye), na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kwa maoni yangu, kupunguza mshahara ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kwa tendo hilo alikiri kwamba lawama ilikuwa na haki ndani yake. Lakini walioitamka walikuwa tayari njiani kurudi kwao na masanduku yao. Sisi wachungaji tusiharakishe kumhukumu, maana jambo hili tunalijua kwetu: twaweza kuupokea ukweli na bado tukamwadhibu aliyeuleta.

Miezi mitano baadaye, Azimio la Arusha likiwa limekwisha kutangazwa mwezi Februari, kikatoka kijitabu. Nguvu yake iko katika mahali ambapo wengi hupapita haraka. Mwandishi hasemi tu kwamba shule iwe na shamba. Asema kwamba shule iwe jumuiya, na kwamba wanafunzi walijue shamba kuwa ni lao na hali yao ya maisha kuwa inalitegemea. Tena awataka washiriki katika maamuzi: kwa mfano, fedha walizozipata wazitumie kukodi trekta, au walime kwa nguvu zao na fedha wazielekeze penginepo? Hapo ndipo penye elimu yenyewe. Anayelima bila kuamua lolote amepata zoezi la viungo, wala hajajifunza kazi. Vilevile mwandishi auliza ni wanafunzi wangapi wanaotumia likizo zao kuwachimbia wanakijiji mfereji, au kuwaonyesha faida ya choo cha shimo refu. Hilo ni swali la mwalimu hasa, na lingefaa kuulizwa hata leo katika bweni la chuo cha theolojia.

Udhaifu wa kijitabu uko katika sauti yake. Chasema juu ya vijana, na si mara nyingi kusema nao. Vijana ni "wao", na anayezungumza ni Taifa. Mwanafunzi anayetaka ushiriki wake uanze kwa kusema "hapana" hana nafasi katika kurasa zile, ingawa mwandishi alikuwa amemwona kwa macho yake mwezi Oktoba. Basi si ajabu kwamba kilichofika shuleni ni ile sehemu inayoweza kuamriwa, yaani jembe. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 na 1990 twakumbuka "kujitegemea" kama kipindi cha kufyeka, na mara nyingine kama adhabu ya waliochelewa. Uamuzi juu ya trekta hatukuuona kamwe.

Linganisheni na Yohana sura ya 13. Bwana aondoka chakulani na kuanza kuwaosha wanafunzi miguu. Petro akataa. Bwana hamtoi chumbani, bali amjibu. Petro naye ajibu tena, safari hii akipita kiasi, na bado anavumiliwa. Kazi ikiisha ndipo Bwana anapoketi na kuuliza kama wameelewa alilowatendea. Luther naye alishiriki kuzikagua sharika za Saxony mwaka 1528, akaona jinsi watu na wachungaji wao walivyokosa mafundisho, na Katekisimo Ndogo ikatoka mwaka 1529. Ni kitabu cha mtu aliyekwenda kuona kwanza, na hilo lasikika katika ufupi wake.

Naandika haya nikiwa nimehusika. Katika usharika wangu wa kwanza niliwaagiza watoto wa kipaimara kubeba mawe ya msingi wa nyumba ya mwinjilisti kwa Jumamosi sita. Asiyefika aliandikwa jina. Katika taarifa niliyoipeleka jimboni niliandika kwamba vijana walijitolea kwa moyo. Mzee mmoja wa usharika aliposomewa taarifa ile katika baraza, aliuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, hapo kwenye kujitolea, ni nani alijitolea?" Nilimjibu kwamba tumebanwa na muda, tuendelee na ajenda inayofuata. Taarifa ile ingali katika jalada la usharika, na neno hilo limo kwa mwandiko wangu.