Malaika wa Kunakiliwa

Mwaka 1433 chama cha wauza kitani mjini Florence kilimwagiza mtawa wa Kidominiko, Fra Angelico, awachoree Bikira Maria na Mtoto Yesu. Ujira ulikuwa florini 190 za dhahabu, au pungufu ya hapo kadiri dhamiri yake itakavyomwelekeza. Kwenye ukingo unaomzunguka Bikira aliwapanga malaika 12 wenye ala za muziki, na hao ndio waliokuja kuizunguka dunia. Katika karne ya 19 wageni waliozuru Italia walitaka kurudi kwao na malaika mmoja, wa tarumbeta au wa ngoma, na wachoraji wa Florence wakawanakilia.

Nyingi za nakala hizo ni kazi ya haraka. Nazipenda zile chache ambazo mnakili alikubali kuifuata njia ndefu ya mtawa mwenyewe.

Njia hiyo inaanza kwenye ubao mtupu. Unapakwa gundi ya ngozi, kisha jasi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke, halafu unasuguliwa mpaka kidole kisikwame popote. Juu yake unakuja udongo mwekundu laini, ndipo dhahabu. Dhahabu ile imefuliwa ikawa nyembamba kiasi cha kutoshikika kwa mkono: huinuliwa kwa brashi pana ya manyoya, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa maana pumzi moja tu inatosha kuikunja. Udongo uliolowanishwa huivuta yenyewe. Baadaye fundi huing'arisha kwa jiwe la akiki, na hapa ndipo subira inapopimwa. Akiwahi, dhahabu inachanika, akichelewa, haing'ai.

Rangi nayo huchanganywa na kiini cha yai. Hukauka mara moja, haikubali kusambazwa kwa brashi, kwa hiyo shavu la malaika hujengwa kwa vistari vyembamba kama nywele, kimoja kando ya kingine. Usoni ndiko wanakili wengi walikoshindwa. Walimpamba malaika, wakampa midomo myekundu na macho ya kubembeleza. Mnakili hodari alijizuia, akamwacha mtulivu kama alivyomkuta.

Wapo wanaoziita kazi hizi ghushi. Wanakosea: kitu kilichouzwa kwa jina la nakala hakikumdanganya mtu.

Malaika wenyewe wako Florence, katika jumba la makumbusho la San Marco, lililokuwa nyumba ya watawa alikoishi Fra Angelico. Nakala ya mmoja wao ukiikuta dukani kwa muuza vitu vya kale, itazame pembeni, pale ilipochubuka. Penye wekundu wa udongo chini ya dhahabu, fundi alifanya kazi. Penye kahawia iliyofifia, ni unga wa shaba tu. Usilipe bei ya dhahabu.