Limeshikwa na Nini?

Mjomba wangu anachimba mawe upande wa Mwatate, kule Taita. Vifaa vyake ni sururu, nyundo, patasi na tochi ya kufunga kichwani. Mawe ameyashika miaka mingi, lakini pete anayovaa ni ya fedha tupu. Nilipomtembelea Desemba nilimtolea simu nimwonyeshe picha ya nyenze, yule mdudu anayelia mitini jua likiwa kali. Nyenze mwenyewe ni wa jade, kazi ya sonara wa Hong Kong aitwaye Wallace Chan, na jina lake ni Stilled Life. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya sanaa. Mjomba akaivuta picha kwa vidole viwili, akaigeuza simu huku na huku, kisha akauliza: "Sasa hili jiwe limeshikwa na nini? Mbona sioni makucha?"

Nimesoma makala nyingi kumhusu Chan, nyingi zikimwita mchawi. Hakuna iliyoniingiza kazini kwake haraka kama swali hilo. Maana maisha yote ya fundi huyu yamekuwa jitihada ya kukificha kishikizi.

Alizaliwa Fuzhou, China, mwaka 1956, akahamia Hong Kong na familia yake akiwa na miaka mitano. Walikuwa maskini wa kweli. Shule aliiacha akiwa na miaka 13 ili asaidie nyumbani, na mwaka 1973 akaingia kwenye uanagenzi wa kuchonga mawe. Sehemu ya habari hii ninayoipenda ni makaburi. Alitaka kujua Wazungu huchonga vipi, na pesa za kwenda Ulaya hakuwa nazo, basi akawa anakwenda makaburi ya Wakristo mjini Hong Kong kutazama malaika wa marumaru. Huo ndio uliokuwa mtaala wake.

Mwaka 1987 akatoka na mchongo unaoitwa kwa jina lake, Wallace Cut. Unachukua jiwe linalopitisha mwanga, unachonga uso mmoja kwa nyuma, na pande zilizokatwa za jiwe zinaurudisha ule uso hadi anayetazama mbele anaona nyuso kadhaa. Kulia lazima kuwe kushoto, na penye kina ndipo patakapotokeza. Alianza na mashine ya daktari wa meno. Ilikuwa inazunguka kwa kasi, inatoa joto, jiwe linaharibika. Kwa hiyo akachonga ndani ya maji. Ndani ya maji nako huoni vizuri, basi anagusa mara moja, anatoa jiwe, analikausha, anatazama, anarudisha. Mchonge uso mzima namna hiyo!

Lakini jade ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapomwona Chan akiwa mkubwa. Jina jade linabeba mawe mawili tofauti. Nefriti ndiyo Wachina wameichonga kwa maelfu ya miaka. Jadeiti, ile ya kijani cha kuvutia macho, ilianza kuingia China kwa wingi kutoka Burma katika karne ya 18. Yote mawili hayakubali kisu, hulainishwa kwa kusuguliwa polepole na unga wa jiwe gumu zaidi. Halafu jadeiti haichongwi pembe pembe kama almasi ili irushe cheche. Inapewa mgongo wa mviringo, na uzuri wake lazima utoke ndani. Ukiiacha nene, inaingia giza. Ukiipunguza sana, rangi inakimbia. Mapema miaka ya 2000 Chan alipata hataza ya mbinu ya kuipunguza jade unene huku ikizidi kung'aa.

Wakati huohuo akaanza kuyaondoa makucha. Hilo ndilo jibu nililompa mjomba: jiwe limeshikwa na mawe mengine, yakiwa yamekatwa yaingiane kama maungio ya seremala. Na pale ambapo chuma hakikwepeki, Chan anatumia titani, metali nyepesi sana na bishi sana, ambayo aliihangaikia miaka minane kabla ya kuionyesha Baselworld mwaka 2007. Kwa hiyo broshi kubwa kama kiganja inaweza kukaa begani bila kulivuta vazi.

Mjomba akasema, "Huyo ni fundi." Kwake neno hilo halitoki ovyo.

Sasa niseme nisichokipenda. Mwaka 2012 Chan alikwenda Paris kwenye maonyesho ya Biennale des Antiquaires, sonara wa kwanza kutoka Asia kualikwa pale. Miongoni mwa kazi zake zilizotajwa sana tangu wakati huo ni mkufu uitwao Great Wall, jadeiti za kijani kilichokolea pamoja na almasi. Nimeutazama mara nyingi, kwa picha tu, nakiri, na jade ni jiwe linalotaka kushikwa, lianze baridi kisha lichukue joto la mwili. Hata hivyo naona mkufu huo unasema jambo moja: kwamba jadeiti hizi ni adimu. Hilo tulilijua. Ustadi upo, lakini umewekwa uwe mtumishi wa bei.

Nyenze ni kinyume chake. Enzi za Han, Wachina walikuwa wakimwekea maiti nyenze wa jade juu ya ulimi. Mdudu huyu hukaa ardhini muda mrefu, kisha hutoka, huvua gamba na kuruka, kwa hiyo alikuwa ishara ya kufufuka. Wa kale walikuwa wakimchonga kwa mikato michache, bapa. Chan amemrudisha akiwa na mabawa, juu ya mwanzi, kana kwamba amekwisha kutoka mdomoni mwa yule maiti. Hapa ule wepesi wote una kazi ya kufanya. Kishikizi kimefichwa kwa sababu mdudu hashikwi, yuko karibu kuruka. Ningeutoa Great Wall mara kumi nibaki na huyu.

Lakini mdudu anayetoka ardhini ananirudisha shimoni, na shimo ndilo nisilolipata katika maelezo ninayosoma chini ya picha hizi. Wanaandika jadeiti, rubi, almasi, titani, uzito hadi sehemu ndogo za karati. Jadeiti bora ya kijani, karibu yote, hutoka Hpakant, jimbo la Kachin, Myanmar. Tarehe 2 Julai 2020 kifusi cha mgodi kiliporomoka huko kikaingia kwenye maji, na wimbi la matope likaua zaidi ya watu 160. Wengi walikuwa wakiokota mawe katika takataka za makampuni. Simlaumu Chan kwa tope lile. Nasema tu kwamba sanaa ambayo sifa yake kuu ni kuficha kinacholibeba jiwe imenizoesha kuuliza ni nini kingine kinalibeba.

Kwetu jambo hili si geni. Chan hutumia pia tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo yetu, jina ambalo Tiffany waliliingiza sokoni mwaka 1974. Mjomba analijua jiwe hilo kwa upande mmoja tu: analitoa, broka analipima, broka anataja bei, broka anaondoka. Mara moja aliuza jiwe ambalo wiki ileile alisikia limeuzwa Voi kwa mara sita ya alichopewa. Alinisimulia bila hasira, jambo lililonisumbua kuliko hasira.

Kuna kisa cha Chan ambacho nilimsimulia usiku ule tukingoja chai. Utotoni, wakubwa walikula kwa vijiko vya kauri na watoto wakapewa vya plastiki. Siku moja akakinyakua cha kauri, kikamponyoka, kikavunjika. Mwaka 2018, akiwa na miaka sitini na ushee, alizindua kauri yake mwenyewe, ngumu mara tano kuliko chuma cha pua, akaitumia kwenye pete. Pete hizo nazipenda. Zina jeraha ndani yake.

Mjomba alicheka. "Nyanya yako alikuwa na vikombe hivyo. Vya wageni. Sisi tulivitazama kupitia kioo cha kabati." Kisha akataka nimrudishie simu. Akauliza nyenze ana gramu ngapi, nikasema sijui. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa kunjwa, akaifungua, akachukua kijiwe kidogo kama punje ya mahindi, akakiweka juu ya kioo cha simu, mgongoni mwa nyenze. Mwanga wa simu ukapita ndani yake.

"Kijani changu kimekolea zaidi," akasema.

Nikainama nikatazama. Kweli, kilikuwa kimekolea zaidi.