Waya, Kebo na Mkongo: Istilahi za Mtandao wa Kompyuta

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya. Kwa kipimo hicho, msamiati tunaouandikia masharti ya kufunga mitandao ya kompyuta una kasoro zinazofaa kusahihishwa.

Tuanze na neno lenyewe, mtandao. Tuseme ofisi ya kata ya Chumbi, wilayani Rufiji, inatangaza kazi ya "kufunga mtandao". Je, fundi anatakiwa kuziunganisha kompyuta za ofisini zenyewe kwa zenyewe, au kuiunganisha ofisi na intaneti? Hizo ni kazi mbili zenye gharama mbili. Mkandarasi aweza kutimiza neno la mkataba bila ya kutimiza haja ya wananchi. Hati na iseme mtandao wa ndani, au intaneti, au vyote viwili.

Kasoro ya pili ni kuchanganya waya na kebo. Kebo ya shaba ya kazi hii ina nyaya nane, yaani jozi nne, ndani ya gamba moja. Kwa kawaida, kebo isiyohamishika haizidi mita 90, na vipande vya kuungia kwenye ncha zake havizidi jumla ya mita 10. Aidha, kebo hiyo hutengwa na nyaya za umeme. Sharti hili la mwisho hupoteza maana iwapo vyote viwili vinaitwa waya.

Tatu, wengine huandika "jozi zilizosukwa". Mwanamke wa Rufiji atengenezaye mikeka asingekosea hapa: ukili husukwa, kamba husokotwa. Nyaya mbili huzungushiana kama kamba ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi. Kwa hiyo zimesokotwa. Fundi akizifumua mno kwenye ncha, faida hiyo hupotea.

Mwisho ni mkongo. Neno hili limeenea kwa sababu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Lakini Rufiji, mkongo ni mti wa mbao ngumu, uitwao pia mbambakofi, na Mkongo ni kata. Sidai neno lifutwe, maana limekwisha kukubalika. Nadai libaki kwa njia kuu ya mawasiliano baina ya miji na nchi, lisishushwe hadi kebo ya shaba ipitayo ukutani.

Watakuwapo watakaosema kwamba fundi huyaelewa haya kwa mazoea. Huenda. Lakini mwalimu mkuu anayepokea kazi na mkaguzi anayeidhinisha malipo hawana mazoea hayo. Wanachokitegemea ni maneno ya hati tu. Neno lililolegea halimdhuru fundi. Humdhuru yule asiyeweza kumwambia, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba kazi haikutimia.