Mizani ya Rejista

Tuandike majina ya wilaya nne za Pemba ndani ya rejista ya Windows, yaani hifadhidata ya mipangilio yake, kila moja kama thamani ya maandishi: Wete, Mkoani, Micheweni, Chake Chake. Kisha tuyasome yalivyolala kwenye diski.

Kila herufi inakula baiti 2. Jina hufungwa kwa baiti 2 nyingine, na mbele yake hutangulia baiti 4 zinazotaja ukubwa wa seli, yaani kipande cha faili kinachobeba jina hilo. Seli nazo hukatwa kwa kipimo cha baiti 8, bila mabaki. Wete basi inakaa kwenye baiti 16, na Chake Chake, nafasi ya katikati ikihesabiwa, kwenye 32. Lakini Mkoani yenye herufi 6 na Micheweni yenye 9 zote zinapata 24! Mshororo wa shairi la kimapokeo ukipungukiwa mizani, tunasema shairi lina guni. Rejista haiachi guni: hujaza pengo kwa baiti zisizo na maana, ikasonga mbele.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile namba ya ukubwa. Seli inayotumika huandikwa kwa namba hasi; iliyo wazi, kwa namba chanya. Ukifuta Micheweni, alama ya namba hiyo hubadilika. Herufi zenyewe mara nyingi hubaki palepale mpaka maandishi mengine yazifunike, na ndiyo maana wachunguzi wa uhalifu wa kompyuta huzisoma tena. Faili la rejista halipungui papo hapo, kwa sababu limejengwa kwa vipande vya baiti 4,096 au mafungu yake. Ukubwa wake unajumlisha yaliyopo na nafasi za yaliyoondoka.

Ukiitoa rejista hiyohiyo kama faili la maandishi la .reg, unapata umbo jingine kabisa. Nafasi tupu zinaachwa nyuma, ila kila ufunguo, yaani folda inayobeba thamani, unaandikwa na njia yake nzima kuanzia kwenye shina, tena na tena. Faili la namna hii halifai kupimia rejista.

Zamani ukubwa ulikuwa na uzito wa kweli. Windows 2000 iliiwekea rejista kikomo kwenye kumbukumbu. Windows XP, mwaka 2001, ikakiondoa. Hofu ya rejista kunenepa imebaki, na programu za kuisafisha bado zinauzwa kwa hofu hiyo, ingawa Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake. Kufuta funguo mia kadhaa ni hasa kugeuza alama za seli zake, na ukikosea ufunguo mmoja muhimu mashine inaweza isiwake.

Kwa hiyo, msomaji wa Chake au Wete, fundi akikwambia kompyuta ni nzito kwa sababu rejista imejaa, usimlipe kwa kazi hiyo. Mwombe kwanza aangalie nafasi iliyobaki kwenye diski, kumbukumbu, na programu zinazojiwasha zenyewe.