Majimaji na Mizani ya Sikukuu: Tukio Gani Linastahiki Siku ya Taifa?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Kila inapofika Februari na habari za maadhimisho ya Songea zikatangazwa, mjadala huzuka katika baraza za bonde letu la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi huku Mngeta: kwa nini Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 havina sikukuu ya taifa? Mapinduzi yana 12 Januari, Muungano 26 Aprili, Uhuru 9 Desemba. Mzee Karume ana 7 Aprili na Mwalimu Nyerere 14 Oktoba. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, huadhimishwa, lakini kazi hazifungwi. Basi watu huuliza: waliokufa mwanzo wakipinga dhulma wamekosa nini?

Swali hili ni la haki. Hata hivyo, tunaona wengi wanaolijibu wanachanganya mambo mawili: tukio gani linastahiki kukumbukwa, na je, kumbukumbu haisimami ila kwa sikukuu?

Mizani ya waliotutangulia

Umma huu uliwahi kulijadili jambo linalofanana na hili. Mwaka wa 16 au 17 Hijria, Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwakusanya Maswahaba ili wachague tukio la kuanzia tarehe. Yalitajwa mazazi ya Mtume (s.a.w.), kupewa kwake Utume, Hijra na kufa kwake. Ikachaguliwa Hijra, kwa kuwa ndiyo iliyopambanua haki na batili. Al-Hafidh Ibn Hajar ameeleza kuwa mazazi na Utume tarehe zake zina khitilafu, na kifo kiliachwa kwa sababu ya huzuni inayoletwa na kukitaja.

Tuzingatie mambo mawili hapa. Walichagua tukio lililobadilisha hali ya watu na majukumu yao. Kisha, pamoja na kulitukuza, hawakulifanya sikukuu. Wala Badri na Ufunguzi wa Makka hazikufanywa Idi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alipowakuta watu wa Madina na siku zao mbili za michezo aliwaambia kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo: Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufuturu.

Kutokana na hayo, Ibn Taymiyya alikataza kuzua siku za kurejea kila mwaka. Wengine, kama Ibn Hajar na as-Suyuti, waliifanya saumu ya Ashura, ambayo asili yake ni shukrani ya kuokolewa Nabii Musa (a.s.), kuwa dalili ya kuruhusu kushukuru neema katika siku iliyotokea. Nchini kwetu khitilafu hii inajulikana katika suala la Maulidi. Ama siku ya kufunga ofisi kwa amri ya serikali, hiyo tunaiona ni katika mipango ya utawala, na hukumu yake hufuata maslaha, maadamu hakuna anayeiitakidi kuwa ni ibada.

Hoja tatu zinazohitaji kusahihishwa

Wako wanaotaka siku ya vita. Hapa kwetu hutajwa 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga walipolivamia boma la Mjerumani kule Mahenge, ng'ambo ya mto, wakapigwa kwa bombomu. Ushujaa wao haukanushiki. Lakini katika bonde hili hili Mtema Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Mjerumani, na leo wajukuu wa pande zote mbili wanasimama katika safu moja ya swala. Siku itakayofanywa ya kujifakhirisha kwa kabila itafufua yaliyolala. Maulamaa wa Ahlus-Sunna walipofika kwenye Jamal na Siffin walisoma historia, ila hawakuigeuza ngoma.

Wengine wanataka 27 Februari, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni mjini Songea mwaka 1906. Ni siku nzito, na Songea wana haki nayo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika huko na kuomba msamaha. Lakini siku hiyo ni ya walionyongwa, na walionyongwa ni wachache mno kati ya waliokufa.

Wa tatu ni baadhi ya ndugu zetu wanaosema vita hivi visitajwe kabisa msikitini, kwa kuwa chanzo chake ni maji ya uganga ya Kinjikitile. Tunasema: kuitakidi kuwa maji yanazuia risasi ni batili, nasi hatuna shaka katika hilo. Lakini watu hawakuamka kwa ajili ya maji. Waliamka kwa kodi, kiboko na kulazimishwa kulima pamba. Dhulma ni dhulma hata kama aliyedhulumiwa alikosea itikadi, na dua yake haina pazia.

Waliosahaulika

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa mjadala wote. Waliouawa na risasi na kamba ni sehemu ndogo. Wengi waliuawa na njaa. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba, na njaa ikafanywa silaha ya kumaliza vita. Wajerumani walikadiria vifo 75,000; wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 250,000 au 300,000. Wengi wao ni wanawake, wazee na watoto ambao hawakushika mkuki. Njaa haina tarehe, ndiyo maana hawana siku.

Na siku yenyewe hailindi kumbukumbu. Saba Saba ni siku iliyoasisiwa TANU, 7 Julai 1954. Leo waulizwe vijana: wengi watakutajia maonyesho ya biashara.

Kwa hiyo rai yetu ni kuwa Majimaji inastahiki, kwa mizani ya tukio lililobadilisha hali ya watu. Lakini hatuoni haja ya sikukuu mpya. Siku ya Mashujaa ipo: watajwe humo waliokufa kwa njaa, si wenye mikuki peke yao. Nasi maimamu tuna wajibu wetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kuandika habari kwa wazee walioviona vita. Wazee hao wamekwishakwenda. Waliobaki ni waliosimuliwa. Kila madrasa ya bonde hili iwatume wanafunzi wakawaandike. Allah (s.w.) alimwamrisha Nabii Musa (a.s.) awakumbushe watu wake siku za Allah, na katika bonde linalolima mpunga kama hili, kumkumbuka aliyekufa njaa ni kumlisha mwenye njaa aliye jirani.

Wallahu a'lam.