Futa au Achia? Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili Kuhusu Kiini cha Kompyuta

1.0 Utangulizi

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimefikia umri wa kuhakikiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisini zenye kiolesura cha Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikafuata kwa kutoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Tangu hapo maneno kama faili, folda, kabrasha, saraka, hifadhi na futa yamezoeleka, na ubishi wa awali kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi umepoa. Mara nyingi maneno hayo yamepimwa kwa asili yake, yaani kama ni ya Kibantu au ya mkopo, na kwa kiasi yanavyokubaliwa na wasemaji. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama maneno hayo yanasema kweli kuhusu yale yanayotendeka ndani ya mashine.

Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano mmoja. Mfano wenyewe ni jinsi kiini cha mfumo endeshi kinavyotunza miundo ya data iliyomo mmoja ndani ya mwingine, na jinsi kinavyoamua ni lini kitu fulani hakihitajiwi tena na kinaweza kuondolewa. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi zilizopo zimetafsiri vitufe bila kutafsiri kazi. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kila siku, kushika na kuachia, ambavyo vinaieleza kazi hiyo kwa usahihi kuliko maneno futa, marejeo na uvujaji. Kwa kuwa istilahi hupimwa kwa wanaoitumia, uchunguzi unaanzia Shasha, mahali palipo mbali na ofisi zilikotungwa istilahi hizo.

2.0 Neno futa huko Shasha

Shasha ni kijiji cha teritwari ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kilichoko kando ya Ziwa Kivu kwenye barabara itokayo Sake kwenda Minova. Kihunde ni miongoni mwa lugha za nyumbani huko, na Kiswahili cha Kivu ni lugha ya sokoni na ya barabarani. Simu ya kisasa inayouzwa au kutengenezwa huko kwa kawaida ni ya Android, mfumo ambao kiini chake ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mtumiaji akichagua Kiswahili katika simu hiyo, hukutana na Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi. Kiolesura humwambia faili, naye huita fishie. Humwambia folda, naye huita dosie. Humwambia nafasi, naye husema fasi. Humwambia futa, naye, kwa kukifuata Kifaransa, husema suprime.

Tofauti hizo za kilahaja si kasoro, maana msemaji wa Shasha huvuka kutoka neno moja kwenda jingine bila taabu. Kasoro ni kwamba futa na suprime zote mbili zinaahidi jambo ambalo mashine hailitendi. Kufuta ni kupangusa hadi alama isionekane. Ubao ukishafutwa hauna maandishi, na deni likishafutwa halidaiwi. Katika mifumo iliyotokana na Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianzisha katika maabara ya Bell mwaka 1969, faili ni kitu kimoja na jina la faili ni kitu kingine. Jina huandikwa katika saraka. Faili lenyewe lina rekodi yake, na ndani ya rekodi hiyo mna hesabu ya majina yanayoliashiria. Amri tunayoiita kufuta huondoa jina moja na kuipunguza hesabu hiyo kwa 1. Faili huondolewa pale tu majina yanapokuwa sifuri na programu yoyote iliyokuwa imelifungua imekwisha kulifunga. Hata hapo, kinachofanyika kwanza ni kutangaza kwamba mahali pake ni wazi. Yaliyoandikwa humo yanaweza kudumu hadi mengine yaandikwe juu yake.

Udhaifu huu wa neno una matokeo mawili. La kwanza ni la kawaida: mtu hufuta faili kubwa ili apate fasi, na fasi isirudi, kwa sababu kuna programu ambayo bado imelifungua faili hilo. Simu ikizimwa na kuwashwa, fasi huonekana. Mwenye simu hudhani ni mazingaombwe, au hudhani simu imeharibika, ilhali mashine imefanya kazi yake sawasawa. La pili ni zito zaidi. Mwezi Februari 2024 mapigano yalifika Shasha, na barabara ya Sake na Minova ikakatika. Katika nchi ya vita, mtu anayekaribia kizuizi huweza kuifuta picha au barua akitegemea neno lenyewe, kwamba kilichofutwa hakipo. Anaweza kuwa ameondoa jina tu, au ameihamisha picha kutoka albamu moja hadi kapu la taka ambamo hukaa siku kadhaa. Istilahi isiyo sahihi hapo haiishii kwenye kosa la mtihani. Humfanya mtu ayategemee maisha yake kwa jambo ambalo halikutendeka.

3.0 Kazi yenyewe ya kuhesabu

Njia ya kuhesabu ni wangapi wanaokitumia kitu, ili kiondolewe hesabu inapofika sifuri, ilielezwa na George Collins mwaka 1960 kwa ajili ya orodha zilizotumia sehemu za pamoja. Ndani ya kiini cha Linux njia hiyo imeenea kotekote: mafaili, saraka, vifaa na michakato yote ina hesabu za namna hiyo. Mwaka 2004 Greg Kroah-Hartman aliweka ndani ya kiini muundo mdogo uitwao kref, ili waandishi wa sehemu mbalimbali wasijitungie kila mmoja hesabu yake.

Kanuni yake haihitaji ushahidi wa mbali. Turubai la matanga hutandazwa kwa ajili ya wote. Mmoja akiondoka, turubai halishushwi, kwa kuwa wengine wangali chini yake. Likishushwa mapema, wanaobaki hunyeshewa. Asipokuwapo wa kulishusha baada ya mtu wa mwisho kuondoka, hubaki limesimama bure huku jirani akilihitaji kwa msiba wake. Makosa ya kiini ni hayohayo mawili: kuachia kabla ya wakati, na kutoachia kabisa.

Ugumu huongezeka miundo inapokuwa mmoja ndani ya mwingine. Saraka ina saraka, na ndani yake mna nyingine. Wanasayansi wa kompyuta huziita mzazi na mtoto, na mtu angetazamia kwamba mzazi ndiye anayemshika mtoto. Katika kiini cha Linux uelekeo ni kinyume: mtoto ndiye anayemshika mzazi, na kwa sababu hiyo mzazi haondolewi maadamu mtoto mmoja amebaki. Katika mfumo wa mafaili kama ext4, saraka isiyo na kitu huwa na hesabu ya 2: moja ni jina lake lililomo kwa mzazi, na ya pili ni njia inayojielekeza kwayo yenyewe. Kila saraka ndogo inayoundwa ndani yake huongeza 1, kwa kuwa nayo ina njia ya kurudi kwa mzazi.

Hesabu hii ikikosewa, usalama wa mashine nzima hupotea. Januari 2016 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2016-0728, iliyokuwamo katika Linux tangu toleo la 3.8. Sehemu inayotunza funguo za siri ilikishika kitu kila ilipoombwa, lakini katika njia mojawapo ilisahau kukiachia. Hesabu ilikuwa na biti 32. Ombi likirudiwa mara 4,294,967,296, hesabu hujaa na kurudi sifuri, na kiini hukiondoa kitu ambacho bado kinatumika. Aliyejua siri hiyo angeweza kupaweka pale palipoachwa wazi kitu chake mwenyewe na kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Toleo la 4.11 la mwaka 2017 lilileta hesabu ya aina mpya ambayo, ikifikia kikomo, hukwama hapohapo. Waliouunda muundo huo waliona ni heri kitu kibaki bila kuondolewa kuliko kuondolewa kikiwa mikononi mwa wengine.

4.0 Kupima istilahi

Katika mijadala ya istilahi za Kiswahili, vigezo vilivyokusanywa na K. B. Kiingi wa Uganda chini ya jina la PEGITOSCA vimetumika sana. Vitano vya namna hiyo vinatosha hapa: usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu na ukubalifu.

Tuanze na marejeo. Tafsiri inayojitokeza upesi ni kuhesabu marejeo. Neno hili ni fupi, lakini msomaji wa chuo kikuu hulielewa kuwa orodha ya vitabu mwishoni mwa makala, na kitenzi chake, kurejea, kina maana ya kurudi. Katika kazi tunayoizungumzia hakuna kinachorudi. Kuna mmoja anayekizuia kitu kisiondoke. Usahihi wa neno ni mdogo na uangavu wake ni wa kupotosha.

La pili ni uvujaji wa kumbukumbu, msemo unaotumika kwa kosa la kutoachia. Taswira ya kuvuja ni ya chombo kinachopoteza maji, ambayo humwagika nje. Katika kosa hili hakuna kinachotoka nje. Kumbukumbu imo ndani, imekaliwa, na hakuna aliyeikalia. Taswira hii imeingia pamoja na lugha ilikotoka, bila kuulizwa kama inafaa. Kumbukumbu iliyokwama ingesema kweli zaidi, na fundi angeielewa kabla ya kufafanuliwa.

Linganisha na kushika na kuachia. Waandishi wa kiini hutumia maneno ya Kiingereza get na put, la kwanza likiwa na maana ya kupata na la pili ya kuweka. Mwanafunzi husumbuka kujua ni kwa nini kuweka kuwe ndiko kuachia. Kiswahili hakina haja ya kuurithi usumbufu huo. Kitendo kimoja cha kushika kiitwe mshiko, na kazi nzima iitwe kuhesabu mishiko.

Nguvu kubwa ya uchaguzi huu imo katika uzalishi. Mnyambuliko wa kitenzi unatoa, bila kubuni lolote, majina ya hali zote zilizotajwa. Kinachoshikwa hakiondolewi. Aliyekishika kwa muda mrefu hukishikilia. Hata tatizo gumu kuliko yote katika njia ya Collins lina jina lake tayari. Kitu cha kwanza kikikishika cha pili, na cha pili kikakishika cha kwanza, hesabu zao hazitafika sifuri kamwe hata kama hakuna mwingine anayevihitaji. Vitu hivyo vimeshikana, na kiambishi -an- cha kutendana ndicho kinacholieleza tatizo. Linux inalijua vyema: programu zinaweza kupelekeana mafaili yaliyofunguliwa kupitia soketi hadi soketi zenyewe zikashikana, na kwa ajili hiyo kiini kina sehemu maalumu ya kuzitafuta soketi zilizoshikana na kuzizoa.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya ukubalifu: katika lugha ya vijana wa Tanzania mshiko ni fedha, na mshikaji ni rafiki. Maana hizo ni za mtaani na hazigongani na muktadha wa kitaaluma, kama vile neno kiini halijazuiwa na kiini cha yai kutumika katika fizikia na biolojia. Hata hivyo, ni busara kutumia mshiko, ambalo hutaja kitendo, badala ya mshikaji, ambalo humfanya mchakato wa mashine kuwa mtu. Ya pili ni ya lahaja: msemaji wa Kivu hupenda kukamata pale msemaji wa pwani anaposhika. Lakini shika anaielewa, na achia anaitumia. Fundi wa Shasha anaweza kumwambia mteja kwamba fasi hairudi kwa sababu programu fulani haijaachia, na mteja akaelewa. Ni istilahi chache zinazoupita mtihani huo.

5.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba neno futa litupwe. Linapaswa kurudishwa kwenye maana yake: litumike pale ambapo data hupanguswa kweli kwa kuandikwa kitu kingine juu yake. Kwenye kitufe cha kawaida, ondoa inatosha. Neno hilo halisemi kwamba kitu hakipo tena popote. Linasema tu kwamba kimetoka hapa kilipokuwa kinaonekana, na hivyo ndivyo ilivyo.

Maelezo rasmi ya kiini cha Linux yana tafsiri, japo si kamili, za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili, chenye wasemaji wengi kuliko baadhi ya lugha hizo, hakimo. Mtu akijitokeza kuianza kazi hiyo, atahitaji orodha ya maneno iliyotungwa kwa kuangalia mashine inavyofanya kazi, wala si kwa kuangalia skrini peke yake. Orodha hiyo inaweza kuanza na maneno manne ambayo mtoto wa Shasha anayajua kabla ya kwenda shule: shika, shikilia, shikana, achia.